Siku Nilipomkamata Mtani Asiye Wangu

Aibu hii nimetembea nayo tangu likizo iliyopita, na kwa kuwa Ruangwa nzima wanaisimulia vibaya, wengine wakifika mpaka kusema nilimvua wakili suruali, nimeona niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa. Sikumvua mtu suruali. Nilichukua joho. Na hilo joho nikalivaa, nikaingia nalo ukumbini napiga vigelegele mbele ya mawakili na wanafunzi wa sheria, mimi mwanamke mzima niliyezaa na kuzika, na hakuna aliyenitia pombe mdomoni, maana mimi situmii.

Mwenye shughuli alikuwa mjukuu wangu Nasra. Huyu nimemlea mwenyewe hapa Marambo tangu akiwa anatambaa, mama yake yuko Masasi na maisha yake, na leo Nasra anasoma sheria chuo kikuu Dar es Salaam, amebakiza mwaka mmoja. (Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nalitaja neno chuo kikuu mara nyingi mnivumilie, nalipenda.) Sasa nilikuwa najua kwamba mtoto akimaliza sheria ni wakili, basi, anavaa nguo nyeusi anakwenda mahakamani. Kumbe sivyo. Nasra alinieleza jikoni, ananisaidia kuchambua mboga, kwamba ukimaliza shahada unapewa cheti na makofi, halafu kuna masomo mengine ya kukufanya uwe wakili, na hayo yana ada yake, na asiye na wa kumlipia anarudi nyumbani na shahada yake anaitundika ukutani.

"Sasa sisi nani atatulipia?" nikamuuliza.

Ndipo akaniambia kuhusu mkutano wa Ruangwa. Kikundi cha mawakili wenye asili ya huku kwetu na marafiki zao walikuwa wanawaita wanafunzi wa sheria waliorudi likizo, wawaeleze njia za kazi, nani anapokea watu wa mafunzo ya vitendo (wao wanaita fildi), na katika wote waliokuja watamchagua mmoja wa kumlipia hayo masomo ya uwakili akimaliza chuo. Mmoja tu. Na kila mwanafunzi aje na mzazi au mlezi. Nasra akasema, "Bibi, mambo ya sheria siku hizi ni koneksheni. Watu wakujue. Ukiwa na akili halafu hujulikani, unakaa." Neno hilo likaniingia na likanikaa vibaya, kama mtakavyoona.

Wiki nzima Nasra alikuwa anajifunza kujitambulisha. Anasimama uani, kuku wanadonoa miguuni kwake, anasema, "Shikamoo mheshimiwa, naitwa Nasra, nasoma sheria, napenda zaidi sheria za ardhi kwa sababu nimekulia kijiji cha wakulima na nimeona watu wakinyang'anywa mashamba." Anarudia, anakosea, anarudia. Mpaka na mimi nikayajua, nikawa nayasema nikipeta mahindi. Ila mtoto huyu ana haya. Akili anayo, lakini akikutana na mtu mkubwa sauti inakwenda chini kama redio iliyoishiwa betri. Mimi sina haya hata kidogo. Sijui alizitoa wapi.

Siku ikafika, ufuta tumeshavuna na korosho hazijaanza kudondoka, watu wana nafasi. Tukatoka mapema, bodaboda mpaka Nachingwea mjini, kisha gari ya Ruangwa. Nilivaa doti yangu mpya ya khanga, moja nimejifunga, moja kichwani, na chini ya ile ya kichwani nilikuwa nimepaka piko ya kuficha mvi upande mmoja tu wa nywele kwa sababu iliniishia katikati, nikasema nani ataona.

Ukumbi ulikuwa wa parokia, mzuri, una feni. Mbele wamekaa mawakili kwenye meza ndefu, katikati yao mwenyekiti wao, mama mmoja wa miwani mwenye sura ya kutochekacheka, na pembeni yake mwanamume mnene mwenye sauti nene wanayemwita Wakili Festo. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa habari ya ufadhili, na Nasra alikuwa ameniambia njia nzima, "Bibi, yule ndiye natakiwa kuongea naye." Alikuja na joho lake la mahakamani ili awaonyeshe watoto namna linavyovaliwa na kwa nini, akalitandika juu ya mgongo wa kiti. Wakajitambulisha mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake akasema, "Mimi ni mtoto wa Songea, nimezaliwa Songea, mchanga wa kule ndio ulionikuza."

Wenzangu wa huku mmeshaelewa. Kwa wasio wa huku niseme: mimi ni Mmwera, na Mngoni ni mtani wangu. Babu zao walikuja na mikuki wakatusumbua sana, vita ikaisha, sasa tumebaki na utani. Mngoni akinikuta njiani ananinyang'anya kikapu na simkasirikii, na mimi nikimkuta nachukua kofia yake, hatoki na kofia mpaka anilipe. Alipofariki mume wangu, watani walishuka kaburini wakalala humo, wakakataa kutoka mpaka wapewe kuku, na sisi tuliokuwa tunalia tukacheka kwa machozi yale yale. Ndivyo tunavyoishi. Kwa hiyo niliposikia Songea, moyo wangu ukatulia kabisa. Nikasema, hivi Nasra anahangaika na koneksheni, kumbe koneksheni tumezaliwa nayo.

Wakazungumza asubuhi ile mambo mengi ya maana. Kwamba usingoje kumaliza chuo ndipo utafute watu. Kwamba ukienda fildi usikae unachezea simu, uliza. Kwamba mtu akikusaidia rudi umwambie umefikia wapi. Nilielewa mengi. Kisha mwenyekiti akasema ni saa ya chai, na wanafunzi watumie nafasi hiyo kuwafuata mawakili na kujitambulisha, wasijikusanye wenyewe kwa wenyewe kama mbuzi wakati wa mvua.

Nasra akachukua kikombe akaenda kusimama ukutani. Nikamwona anatazama chai yake. Wenzake wanazunguka, wanashikana mikono na mawakili, yeye yuko ukutani na chai inapoa. Nikamfuata.

"Nenda basi."

"Nakwenda bibi. Nivute pumzi kwanza."

"Utavuta mpaka lini?"

"Bibi, nakuomba, rudi ukae. Usifanye chochote."

"Nakwenda kunyoosha miguu," nikasema.

Hapo ndipo penye kosa lote. Kama ningekaa, leo nisingekuwa na la kuandika. Miguu yangu ilikuwa imenyooka siku nyingi. Nikapita kule mbele, meza ndefu haina mtu, joho liko kwenye kiti, nikalikunja vizuri, nikaliingiza chini ya khanga, nikatoka nalo mpaka barazani. Moyo haukunidunda hata kidogo. Nilikuwa najua kanuni: atarudi, atalikosa, atauliza, ataambiwa liko kwa mtani wako nje, atakuja, tutatukanana kidogo watu wacheke, na mimi nitamwambia bei ya joho ni kumtazama mjukuu wangu. Akishacheka ameshamjua Nasra. Basi.

Barazani alikuwa amekaa mzee mmoja wa Nkowe, na yeye kaja na mjukuu wake, kijana mrefu wa miwani. Nikamfunulia pembe ya khanga, nikamwambia, "Nimemkamata mtani." Na yeye Mmwera mwenzangu. Akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Usimwachie kirahisi," akasema. "Hawa walikula mbuzi wa babu yangu."

Tukakaa. Chai ikaisha, mtu hatokei. Tukasikia watu wanaitwa warudi ndani. Bado mtu hatokei. (Kwa nini hakutokea nilikuja kujua baadaye, na ndilo linaloniuma mpaka leo, nitalisema.) Kisha nikasikia sauti ya binti kwenye maiki, sauti ya adabu lakini imekaza: "Jamani samahani, vazi la mheshimiwa Wakili Festo halionekani. Tunaomba mtu yeyote asitoke mpaka lipatikane."

"Mbona wanaongea hivyo?" nikamwuliza mzee wa Nkowe.

"Ndiyo utani wenyewe," akasema. "Watu wa mjini wanatumia maiki."

Nikachungulia dirishani. Watu walikuwa wanainama chini ya viti. Mjukuu wangu na yeye yuko magotini anatazama chini ya meza, anamtafutia mheshimiwa joho lake. Na yule mama aliyekuwa akigawa chai amesimamishwa mlangoni, kapu lake limefunguliwa, wanatoa vikombe kimoja kimoja, naye ameshika shavu. Hilo likanichoma. Nikaona mchezo umechelewa, sasa nikalitoe. Ningeweza kuingia kimya, nikaliweka kwenye kiti, nikasema samahani nilikuwa natania. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini yule mzee akasema, "Sasa ndiyo saa yake, ingia nalo," na mimi, kwa kuwa nilishafika mbali, nikaona bora niingie na utani kamili ili watu waelewe kuwa ni utani. Nikalivaa. Lilinifika mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikapiga kigelegele mlangoni, nikapita katikati ya viti, mikono ya joho inapepea, mpaka nikasimama mbele ya Wakili Festo.

Nikasema, na nayakumbuka yote kwa sababu kuna kijana alinirekodi: "Mngoni wee, babu yako alikuja na mkuki akatuibia mbuzi, leo mimi nimekuibia nguo. Hilo tumbo unalolibeba limejaa mahindi ya Wamwera. Joho halitoki mwilini mwangu mpaka useme mbele ya watu hawa kwamba mjukuu wangu Nasra, yule pale aliyepiga magoti, ndiye mtakayemlipia uwakili."

Nikasubiri tusi langu. Ukimtukana mtani unasubiri kurudishiwa, ndiyo raha yake.

Hakuna aliyecheka.

Wakili Festo akanitazama kwa upole, akasema, "Mama, shikamoo. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Wewe si Mngoni?"

"Hapana mama. Mimi ni Mkerewe. Baba yangu alikuwa mwalimu Songea, ndiko nilikozaliwa. Kwetu ni kisiwani, Ukerewe, ziwa la kule Mwanza."

Wakerewe. Wenzangu, mimi Mkerewe sijawahi kumwona, wala kumzika, wala yeye hajawahi kunizikia mtu. Hatuna utani wowote. Maana yake nilikuwa nimesimama mbele ya watu nimevaa nguo ya mwanamume nisiyemjua, nimemtukana tumbo lake, nimemtukana babu yake aliyekuwa anavua samaki zake mbali huko, na nimemtaka hadharani atoe ufadhili ndipo nimrudishie mali yake. Nikageuka kumtafuta mzee wa Nkowe. Alikuwa ameketi ndani sasa, kiti cha nyuma, anatazama dari kama mtu anayehesabu bati.

Mwenyekiti wa miwani akavuta maiki. Akasema taratibu, "Tunaelewa kwamba bibi hakuwa na nia mbaya. Ila jambo la kumtaja mwanafunzi kwa jina mbele ya wanaochagua, tena kwa namna hii, itabidi tulitazame." Ukumbi ukanong'ona.

Ndipo Nasra akasimama. Magoti yake yana vumbi. Nilitegemea ile sauti yake ya betri iliyokwisha, lakini siku ile ilitoka nzima.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu ni bibi yangu na utani ni mila yetu, naomba asichukuliwe kama mwizi. Na mama wa chai aombwe radhi, amepekuliwa bure. Lakini bibi amenitaja kwenye ufadhili, na wenzangu hawakutajwa na mtu. Nikichaguliwa, watasema ni kwa ajili ya bibi. Naomba mniondoe kwenye ufadhili wa mwaka huu."

"Nasra, kaa chini," nikasema.

"Bibi," akasema, hata hakunikaripia, "vua joho."

Nikaanza kuvua. Haraka, na lile joho lina mikunjo na mikono mipana, likanasa kwenye bangili yangu, nikavuta, likashika khanga ya kichwani, vyote viwili vikatoka pamoja. Nikabaki kichwa wazi na nywele zangu, upande mmoja mweusi kama masizi, upande mmoja mweupe kama pamba. Sasa ndipo watu wakacheka, yaani nilipotaka wacheke hawakucheka, nilipotaka wanyamaze wakaangua. Wakili Festo mwenyewe alipokea joho lake akiwa ameuma midomo.

Nikataka kuondoka hivyo hivyo. Lakini kuna mwanamke alisimama kutoka mwisho wa ile meza ndefu, mfupi, mweusi wa kung'aa, hakuwa amesema neno kubwa tangu asubuhi. Akaja akaokota khanga yangu chini. Anaitwa Wakili Oliva.

"Bibi, wewe Mmwera wa wapi?"

"Wa Marambo," nikasema. "Nipe khanga yangu, mwanangu."

"Mimi ndiye Mngoni," akasema. "Mngoni wa Peramiho, baba na mama. Nimekaa pale mwisho tangu asubuhi nawasikia Wangoni wanatukanwa kwa tumbo la Mkerewe. Hata kututambua hamjui, ndiyo maana tuliwashinda." Akaifunga khanga yangu kiunoni mwake. "Hii siirudishi. Tena haitoshi. Umetuaibisha, lazima nichukue na mtu." Akamshika Nasra mkono. "Nachukua huyu. Jumatatu aje ofisini kwangu Nachingwea, karibu na soko, atanisaidia kesi za mashamba na mirathi mpaka chuo kifunguliwe. Kumlipa simlipi, ni mateka. Wewe ukimtaka njoo na kuku, nitakula kuku na mtoto sikupi."

Hapo ukumbi ukapiga makofi. Nikamtukana kidogo, basi tu kwa adabu, nikamwambia miguu yake mifupi ndiyo iliyowafanya wachelewe kufika baharini. Akacheka vizuri. Mwenyekiti akasema kila wakili yuko huru kuchukua wa kwenda naye fildi, hilo halina neno. Kuhusu ufadhili hakusema kitu. Nasra alishajiondoa, na alipojiondoa alijiondoa. Jioni walimtangaza yule kijana mrefu, mjukuu wa mzee wa Nkowe. Nilimtazama yule mzee nimpe hongera. Alikuwa hajawahi kuniona tangu azaliwe.

Kabla ya kutoka nilimfuata mama wa chai kule nyuma nikamwomba radhi. Akaniambia, "Bibi, mimi ni Mmakua, utani naujua, lakini siku nyingine uniambie kabla hawajafungua kapu langu." Nikasema nimesikia.

Kwenye gari tulikuwa tunakaribia Nachingwea. Mimi nilikuwa natazama nje, mikorosho inapita, kichwa nimejifunga mtandio wa kuazima.

"Bibi," akasema, "unajua kwa nini Wakili Festo hakuona mapema kwamba joho halipo?"

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaongea na mimi. Ulipotoka tu nilimfuata. Nilisema yote, sikukosea. Akaniuliza habari za mashamba ya huku, chai ikaisha bado tunaongea. Aliniomba nikae karibu naye kipindi cha pili."

Mimi nimekaa barazani namngoja mtu aje nimjulishe mjukuu wangu, kumbe mtu mwenyewe yuko ndani ameshamjua. Watoto walikwenda Ruangwa ili wajulikane, aliyejulikana ni mimi.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza baadaye.

"Nilikasirika mpaka tulipopita Nkowe," akasema. "Sasa nina njaa."

Jumatatu alikwenda kwa Wakili Oliva, na akaenda kila siku mpaka chuo kilipofunguliwa. Alikuwa anarudi jioni ananieleza, bila kutaja majina ya watu (nilimbana, akakataa, akasema ndiyo kazi ilivyo), namna mjane anavyosaidiwa kubaki kwenye shamba la mumewe, namna ya kumsikiliza mtu anayelia na huku unaandika. Wakili Oliva alimwambia mwakani aombe tena ule ufadhili, kwa sauti ile ile aliyojiondoa nayo. Nasra ataomba. Hana uhakika, na mimi sina, na nikiwaza kwamba mwaka huu huenda ungekuwa wake, usingizi wangu unakuwa mwepesi. Alichoniomba ni kimoja: siku hiyo ya mkutano nibaki nyumbani. Nimekubali. Na utani nimeapa siuanzi tena mpaka mtu aniambie kwao ni wapi, baba yake nani, na amezikwa wapi babu yake.

Shida ni kwamba siku hizi hapa Marambo watoto wanaosoma wananifuata mimi. "Bibi, wewe mawakili wote wanakujua, tujulishe." Wanakaa hapo kwenye mkeka wangu, wananiletea sukari. Nawaambia sukari nitaipokea, lakini kuwajulisha siwajulishi. Nenda mwenyewe. Sema shikamoo, sema jina lako, unasoma nini, unataka nini, kisha nyamaza umsikilize mkubwa. Na kama una bibi, mpikie chai, mfungie mlango kwa nje, ndipo uondoke.